Mchanga wa Meza ya Jiografia

Watu wakisikia kwamba niliwahi kwenda Khartoum kutalii, wananiangalia kwa wivu. "Eh, mwalimu, wewe umekula dunia!" Nawaacha waamini hivyo. Nikianza kuwasimulia ukweli chai yao itapoa bure, na wamekuja kunitembelea, hawakuja matangani.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, bendera ingali mbichi pale nje ya ofisi za serikali, na kila mtu Kakamega alikuwa na wazimu wake. Makarani walikuwa wamejinunulia tai. Wenye maduka walikuwa wanapaka mabango yao rangi upya kila kukicha. Sisi walimu wazimu wetu ulikuwa ni kusafiri. Tulikuwa tumefundishwa mito ya Uingereza mpaka tungeweza kuitaja usingizini, na sasa tulitaka kuiona Afrika yenyewe. Basi walimu kadhaa wakapanga safari ya likizo ya Aprili: treni hadi Nairobi, kisha ndege, hadi ule mji wa jangwani ambako Nili mbili zinakutana. Mimi nilikuwa nafundisha jiografia darasa la sita. Wenzangu walidhani nimejiandikisha kwa ajili ya hiyo jiografia.

Nilikwenda kumtafuta kaka yangu.

Kaka alikuwa kifungua mimba wa mama. Baada yake nilikuja mimi, halafu mdogo wetu wa kiume. Baba alikufa sisi tukiwa wadogo, na firigisi ya kuku ikahamia kwa kaka. Wa kwetu watanielewa hapo hapo. Wengine acha niwaeleze. Nyumbani kwetu, upande wa Malava, firigisi hailiwi na yeyote tu. Ni ya mwenye boma. Mimi mwanamke nilikuwa nimeanza juzi tu kuruhusiwa hata hiyo nyama ya kuku, sembuse firigisi. Kaka alianza kuila akiwa hana hata unywele mmoja kidevuni. Aliitafuna polepole huku akitukonyeza, mshenzi yule, maana alijua tunavyoimezea mate.

Kabla ya uhuru vijana wengi walikuwa wanatoroka kwenda kutafuta masomo ng'ambo. Walipitia Uganda, wakaingia Sudan, wengine kwa miguu, wakilenga Misri ambako walisikia kuna watu wa kuwapa nafasi za vyuo. Kaka aliondoka na rafiki yake wa hapo kijijini. Asubuhi hiyo mama alimchinjia jogoo, akampikia na obusuma, ugali wetu wa wimbi, uliojaa sahani, na kaka akala firigisi yake akiwa amesimama, kama mtu wa kwenda sokoni na kurudi. "Nitarudi na digrii, mama," akasema. "Na wewe uniwekee firigisi." Mama akamwambia aache upuuzi, afunge kamba za viatu.

Aliyerudi ni yule rafiki. Alikuwa amekonda mpaka mama yake mzazi alimpita njiani bila kumtambua. Alituambia kwamba kaka alishikwa na homa kule Khartoum, akalazwa kwenye chumba cha kupanga katika mtaa wa wageni nyuma ya stesheni ya treni, karibu na kibanda cha chai cha mzee mmoja aliyekuwa askari na aliyejua Kiswahili. Kaka alimwambia, wewe tangulia, nitakufuata. Rafiki akatangulia, akazuiwa mpakani mwa Misri, akageuza. Alipopita tena Khartoum alikuta kitanda cha kaka kinalaliwa na mtu mwingine. Habari ziliishia hapo.

Uhuru ukaja, tukacheza ngoma, tukarudi kulima. Kila mama alipochinja kuku, firigisi aliitenga kwenye kisahani, akaifunika na bakuli, akaiweka juu ya rafu. Kesho yake paka ndiye aliyeila. Mdogo wetu alikuwa amekuwa mwanamume wa kunyoa ndevu, anatafuta mke, na bado anapewa bawa. Hakulalamika. Ila nilimwona anavyoliangalia lile bakuli.

Sasa ndipo baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, akaja na wazee. Si mtu mbaya baba mdogo, ila hapendi jambo linaloning'inia. Kwetu, mtu akipotea na mwili usionekane, linachimbwa kaburi na kuzikwa shina la mgomba mahali pake. Watu wanalia, ngoma inapigwa, vichwa vinanyolewa, kwisha maneno. Na aliyezikwa hivyo hana tena mlango nyumbani. Hata siku moja akitokea mzima na masanduku yake, watu watamkimbia, watoto watafichwa, maana mwenye kaburi ni mwenye kaburi. Baba mdogo alitaka mgomba uzikwe ili mdogo wetu awe mwenye boma, aoe, agawiwe shamba. Mama alikataa katakata. "Mgomba?" aliwauliza. "Mimi nilizaa mgomba?" Wazee wakakohoa kohoa.

Walivutana misimu mingi mpaka wakapatana. Mtu aende huko aone kwa macho yake. Akisikia kaka yu hai, kheri. Akipata hakika ya kifo, alete udongo wa kaburini, nao ndio uzikwe, kwa sababu udongo wa kaburi ni mtu mwenyewe na wala haulinganishwi na mgomba. Na akirudi bila hili wala lile, hakuna kuzika chochote: mama ataachwa asubiri mpaka yeye mwenyewe afe. "Na asinisumbue mtu tena," mama akasema. Baba mdogo akakubali mbele ya wote. Mtu wa kwenda nikawa mimi, kwa sababu ya ile safari ya walimu. Wazee wawili wakanung'unika kwamba jambo zito hivi anatumwa mwanamke. Nikawaambia aliye tayari kupanda ndege asimame. Wakaangalia fimbo zao.

Jioni moja kabla ya safari mama aliniuliza huko kwenyewe ni wapi. Nikajaribu kumweleza kimwalimu. Nikamwambia huu mto wetu Isiukhu unaingia Nzoia, Nzoia inaingia ziwani, na maji ya ziwa yanatokea Uganda, yanakwenda, yanakwenda, mpaka yanapita katikati ya mji huo. Mama alikuwa anakoroga mboga ya mrenda. Alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo maji yetu yanafika kwake?"

"Yanafika."

"Na yanarudi?"

Hapo nilitamani ningekuwa mwalimu wa hesabu. "Hayarudi, mama," nikasema. Akaendelea kukoroga.

Wanafunzi wangu nao walikuwa na ombi lao. Darasani, chini ya dirisha, tulikuwa na meza ya jiografia yenye vitu vya kushikwa kwa mkono: pamba, mkonge, kipande cha magadi, jiwe jeusi la Mlima Elgon. Watoto wa Kakamega wanajua tope. Mchanga wa jangwa walikuwa wanausoma tu kitabuni, na baadhi yao walishuku kwamba hakuna nchi isiyokuwa na nyasi, ni sisi walimu tunawachezea. "Madam, utuletee," wakasema. Nikawaahidi, nikatia kopo tupu la kakao kwenye begi.

Sasa nije kwenye utalii wenyewe. Mimi na joto hatupatani, niseme wazi. Mlango wa ndege ulipofunguliwa nilidhani mtu amenifungulia tanuri la mikate usoni. Nilikuwa nimeondoka nyumbani mvua ya masika ikinyesha, soli za viatu vyangu zingali na tope la Malava, na pale pale kwenye ngazi za ndege lile tope likakauka likaanza kudondoka. Kiongozi wetu, mwalimu mkuu mmoja mnene wa huko Butere, alikuwa amevaa suti ya sufi kwa heshima ya taifa, na hakutaka kuvua koti. "Tunawakilisha Kenya," akatuambia, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi. Siku ya pili Kenya ilivua koti. Siku ya tatu Kenya ilikuwa imelala sakafuni hotelini na taulo lenye maji kifuani, ikiita mama yake.

Tulikuwa na mtembezaji, bwana mrefu mwenye kanzu nyeupe na kilemba, Kiingereza chake kimenyooka kuliko cha sisi sote. Alitupeleka kwenye soko la ngamia, ambako ngamia mmoja alinitemea mate na wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Alitupeleka kwenye makuba na kwenye masoko yenye paa, kuna manukato na vyuma na ngozi za chui. Akatupeleka pale Nili zinapokutana. Moja ina weupe wa maji ya kuoshea mchele, nyingine ni kijani-kijani, zinakwenda bega kwa bega kabla hazijachanganyika. Wenzangu wakapiga picha. Nikauliza ipi inatoka ziwani kwetu, akanionyesha ile nyeupe, chafu. Nikainama, nikatia mkono. Nilitegemea nitasikia kitu fulani, sijui nini, kitu cha nyumbani. Yalikuwa maji ya vuguvugu, basi. Nikajifuta kwenye sketi.

Adhuhuri mji wote ule unafunga milango na kulala. Hata mbwa wanatafuta kivuli cha ukuta wanajibana hapo. Wenzangu walipojitupa vitandani, mimi nikajifunga kitambaa kichwani nikatoka. Kiongozi alikuwa amekataza, lakini kiongozi mwenyewe alikuwa chini ya taulo. Nilitembea hadi stesheni ya treni, nikazunguka nyuma yake, kwenye vichochoro vya nyumba za udongo. Jua lilikuwa linanigonga utosini kama linanidai. Nikawa naita kila kibanda ninachokiona, "Kiswahili? Kiswahili?" kama mwuza samaki. Watu waliniangalia kwa huruma. Mwishowe mwanamke mmoja akaninyooshea kidole kwenye kivuli cha mkeka.

Yule mzee alikuwepo. Jamani, nilipomwona tu, nikamwona kaka tayari. Alikuwa amepigana vita vya Waitaliano pamoja na watu wa kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. "Wewe natoka wapi, mama?" akaniuliza. Nikamwambia Kakamega. Akacheka, akanipa chai nyeusi yenye tangawizi, hakutaka nilipe. Nikamweleza habari za kaka: mrefu, mwenye kovu juu ya jicho, mtu wa kucheka na kukonyeza.

"Vijana mingi napita hapa," akasema. "Iko nakwenda Misri. Iko narudi. Iko nakufa."

"Huyu, mzee. Huyu wa kovu."

Akafikiri mpaka nikataka kumtikisa. "Ya kucheka sana? Iko. Nakunywa chai hapa, pale pale wewe nakaa. Halafu haiko."

"Alikwenda wapi?"

Akawauliza wateja wake kwa Kiarabu, na hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo hata leo haijanitoka. Mmoja akasema alipona, akapanda lori la kwenda magharibi. Mwingine akasema hapana, alikufa kwa homa ile ile. Wa tatu akasema hao wote wanachanganya, mwenye kovu alikuwa Mganda. Wakaanza kubishana wao kwa wao, kwa furaha kabisa, kama watu wanaobishania mpira. Mimi nimevuka nchi mbili na jangwa, na maisha ya kaka yangu yamekuwa ubishi wa kupitishia mchana! Niliinuka nikawafokea kwa Kiluhya. Walinyamaza. Bila shaka hawakuelewa hata neno moja, lakini nadhani walielewa.

Mzee akaniambia nirudi kesho, atanipeleka kwenye makaburi ya wageni. Nikarudi. Tukatembea hadi nje ya mji, mahali pasipo ua wala mti, mchanga mtupu. Nilikuwa nimejiandaa kwa makaburi. Haya yalikuwa vituta tu, vya karibuni vimeinuka kidogo, vya zamani vimelala, na vya zamani zaidi huwezi kuvijua, upepo umevifagia. Hakuna msalaba, hakuna jina. Kulikuwa na mlinzi aliyekaa chini ya gunia lililotundikwa kwenye miti miwili. Mzee akamwuliza, mlinzi akatikisa kichwa bila hata kuinuka. Watu wanaletwa, wanazikwa. Nani anauliza mtu ametoka wapi?

Nilikuwa nimemwambia mzee habari ya udongo. Akasimama kando yangu, akayaonyesha makaburi yote kwa fimbo yake.

"Chagua," akasema.

"Nichague nini?"

"Mama yako nataka mchanga. Wewe twaa hapa, au hapa. Yote ni mtoto ya mtu."

Alisema kwa wema. Najua sasa kwamba alisema kwa wema. Lakini pale nilimwona ni shetani. Niliona kwamba nikiinama tu na kuokota konzi moja, nitakuwa nimemwua kaka kwa mkono wangu, hata kama wakati huo yuko kwenye lori lake huko magharibi anawakonyeza watu. Sikugusa kitu. Nilirudi hotelini nikilia barabarani, na watu wakinipisha njia.

Sikumpata aliye hai na sikumpata aliyekufa. Lakini nilijiambia jambo moja, na ndilo lililonishikilia mpaka tukaondoka: kwa mapatano yetu, bila hili wala lile hakuna kaburi. Mama angebaki na haki yake ya kusubiri. Nilikuwa nampelekea hicho tu, na nilikilinda kama yai.

Siku ya mwisho mtembezaji alitupeleka kwa basi nje ya mji tukaone jangwa lenyewe, la vitabuni. Lilikuwa kama lilivyoandikwa. Kiongozi wetu, ambaye sasa aliweza kusimama, alihutubia kidogo juu ya umoja wa Afrika, na upepo ukamjaza mchanga mdomoni. Nikakumbuka wanafunzi wangu. Nikatoa lile kopo la kakao, nikachota mchanga pale kando ya gurudumu la basi, nikalijaza, nikalifunika. Kifuniko kilikuwa kinalegea. Nikalifunga kopo lote kwa kitambaa cheupe nilichokuwa nimekinunua sokoni, nikakaza fundo, nikalisukuma chini kabisa ya begi, katikati ya nguo, lisimwagike. Nilifurahi kidogo, niseme kweli. Ilikuwa ni ahadi moja ambayo ningeitimiza.

Nilifika nyumbani mvua ikinyesha. Watu walikuwa wamenisubiri: baba mdogo na wazee barazani, wanawake jikoni, mdogo wetu amesimama kwenye mlango wa zizi. Nilikuwa nimekariri maneno yangu tangu kwenye ndege. Sikumpata, hakuna anayejua, tunasubiri. Lakini kwetu msafiri haulizwi kitu kabla hajanawa na kunywa uji, na mimi nilikuwa na tope mpaka magotini. Mama akanishika mikono yote miwili, akaniangalia usoni, akachukua begi langu. Kufungua begi la mtoto aliyetoka safari ni kazi ya mama, hakuna wa kuuliza. Nikamwachia. Nikaenda nyuma ya nyumba kunawa miguu.

Nilikuwa nimenawa mguu mmoja niliposikia ukemi.

"Woi! Mwana wanje! Mwana wanje woi!"

Mama alikuwa anamlilia mwanawe. Nilikimbia nikiteleza. Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni, nguo zangu zimetawanyika, kitambaa cheupe kimefunguliwa, na lile kopo amelikumbatia kifuani. Mchanga kidogo ulikuwa umemwagikia mapajani mwake, mwekundu-mwekundu, mkavu, wa mbali. Nani kwetu hubeba udongo kutoka safari, akaufunga kwa kitambaa cheupe? Nani aliwahi kubeba, isipokuwa kwa sababu moja tu? Wanawake walikuwa wameshaingia, wameshika vichwa, wameshapokea kilio, na nje nikasikia kilio kinavuka ua na kwenda kwa jirani, na kwa jirani wa jirani.

"Si yeye!" nikapiga kelele. "Mama, si yeye! Ni mchanga wa shule! Ni wa darasa la sita!"

Hebu fikiria maneno hayo yanavyosikika katikati ya kilio. Shangazi zangu wakanishika, mmoja huku na mmoja huku. "Pole, mwana. Pole. Uchungu umempanda kichwani," wakaambiana. Nikajitoa, nikaenda kwa baba mdogo, nikamshika koti. Nikamweleza vizuri, neno kwa neno: kibanda cha chai, makaburi yasiyo na majina, basi, meza ya jiografia. Alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtoka mzee wa watu. "Umefanya vyema kumleta," akasema. "Na ni vyema unavyotaka kumficha mama yako. Lakini ameshaona, mwanangu. Acha sasa." Nilitamani nimpige. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyonihurumia, na kadiri walivyonihurumia ndivyo nilivyoonekana kichaa.

Kufikia jioni boma lilikuwa limejaa. Kesho yake wakamzika. Waliuzika mchanga wa meza ya jiografia chini ya migomba, kando ya baba, pamoja na kopo lake, na kitambaa, na fundo. Wanaume wakapiga ngoma za isikuti. Yule rafiki yake wa safari alijitupa chini akalia kuliko wote. Wanafunzi wangu shule ilipofunguliwa waliuliza mchanga wao, nikawaambia nilisahau, wakaguna, nami sikuwalaumu.

Watu walipotawanyika nilimkuta mama jikoni. Alikuwa amenyolewa kichwa, amekaa kwenye kigoda, ananyonyoa kuku kwa maji moto. Nikakaa chini mbele yake. Nikamwambia polepole, bila kupiga kelele, kwamba ule mchanga niliuchota kando ya gurudumu la basi.

"Najua," mama akasema.

Nikasogea karibu.

"Kilio kilinitoka kabla ya akili," akasema, huku akivuta manyoya. "Baadaye usiku nikafikiri. Uliniachia begi hivi hivi, ukaenda kunawa miguu. Kama ungekuwa umembeba kaka yako usingeliachia."

"Sasa kwa nini hukuwaambia? Mama! Kwa nini uliwaacha wachimbe?"

"Miaka yote hii sijalia. Hata siku moja. Nilikuwa naogopa nikilia nitakuwa nimemfukuza." Akaweka kuku chini. "Halafu nikalia. Wewe unajua kilio kilivyo kitamu? Hujui. Na ningewaambia nini, kwamba nimekosea, narudi kusubiri? Sina nguvu ya kurudi huko."

"Lakini kama yuko hai, mama? Kama yuko hai akaja?"

Akaibana mikono yake katikati ya magoti.

"Nimemlaza," akasema. "Usimwamshe."

Tulikula pamoja jioni hiyo, sisi watatu. Mama alipakua obusuma, akapakua mchuzi, akanipa paja. Kisha akachota firigisi kwa mwiko. Nikainua macho kwenye rafu bila kutaka. Lile bakuli halikuwepo. Akaiweka kwenye sahani ya mdogo wetu.

Mdogo wetu akamwangalia mama, akaniangalia mimi. Alikuwa ameitamani tangu utotoni.

"Kula," mama akamwambia.

Akaitia mdomoni. Aliitafuna ameinamisha kichwa, machozi yakidondoka kwenye sahani, na hakumkonyeza mtu.